Kupanga marejeleo kabla ya kutuma makala kwa jarida

Kazi yangu ni kukagua marejeleo ya makala za isimu na fasihi, na kila mwandishi namwambia hivi: soma kwanza mwongozo wa jarida lenyewe. Ukikuta wanataka APA (mtindo wa marejeleo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani), angalia toleo. Toleo la 7, la mwaka 2019, limeondoa mji wa mchapishaji, kwa hiyo ukiandika "Dar es Salaam:" kabla ya jina la kampuni, bado uko kwenye la 6. Waandishi wakiwa 3 au zaidi, ndani ya matini taja wa kwanza tu kisha "na wenzake", tangu mara ya kwanza. DOI (namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni) iandike kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, bila nukta mwishoni.

Majina ndiyo yanayotutoa jasho. Shafi Adam Shafi ni Shafi, S. A. Shaaban Robert anakaa kwenye R, hata kama sote tumezoea kumwita Shaaban.

Ukitumia Zotero (programu ya kupanga marejeleo; ni ya bure, itumie), jaza sehemu ya lugha: andika sw, yaani Kiswahili. Ukiiacha tupu na kuchagua Chicago, mtindo mwingine wa marejeleo, programu hudhani kichwa ni cha Kiingereza na kukupa "Misingi Ya Sarufi", hiyo "ya" ikiwa na herufi kubwa. Naliona hili mara kwa mara, jamani.

Kisha linganisha matini na orodha, jina kwa jina, kwa kitafutio cha kompyuta, macho huchoka. Mhakiki akikuta 2008 ndani na 2009 kwenye orodha, ataanza kuzitilia shaka hata data zako.