Kupiga picha sanamu ya Buddha Dordenma usiku bila kuunguza dhahabu

Buddha Dordenma amekaa juu ya kilima cha Kuensel Phodrang, akiutazama mji wa Thimphu, Bhutan. Sanamu ina urefu wa mita 51.5, ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, na usiku humulikwa kwa taa. Dhahabu hiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi. Kamera ikiona anga jeusi limejaa kwenye fremu huongeza mwanga, na uso unaungua: unatoka kama bamba jeupe lisilo na macho wala pua.

Usingoje giza totoro. Funga tripodi kabla jua halijazama, kisha piga kati ya dakika 15 na 35 baada ya kuzama, anga likiwa bado la buluu. Hapo mwanga wa anga na wa taa hukaribiana. Ukichelewa, mabega yasiyofikiwa na taa humezwa na weusi wa anga, na hakuna programu itakayoyarudisha.

Weka kamera kwenye hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), faili za RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, na anza kwa kuacha shata wazi sekunde 2. Tazama histogramu ya rangi (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia), si ile ya kijivu peke yake: kwenye dhahabu, rangi nyekundu ndiyo hugonga ukuta wa kulia kwanza, wakati ile ya kijivu bado inakuambia mambo ni shwari. Ikigonga, shuka hadi sekunde 1. Kivuli kilichozidi utakiinua baadaye. Dhahabu iliyoungua haina dawa. Tofauti ya mwanga ikiwa kubwa mno, piga picha tatu zinazopishana kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), uziunganishe nyumbani. Mizani ya rangi (mpangilio wa rangi kuwa ya joto au baridi) iweke mwenyewe, kama Kelvin 3500, kwa sababu ile ya otomatiki huiona dhahabu kuwa kosa na kuipoza.

Fokasi: kuza picha kwenye skrini mara 10, lenga ukingo mkali wa vazi au wa jicho, kisha hamia fokasi ya mkono na usiguse tena. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi, tumia taimeri ya sekunde 2, na uvue kioo cha kinga. Hicho kioo hurudisha taa kama vidoa vya kijani angani, na watu hulaumu lenzi bure.

Ukisimama karibu na kuinua kamera, sanamu huonekana inaanguka nyuma, magoti makubwa na kichwa kidogo. Rudi nyuma. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) iliyosimamishwa wima na kunyooshwa sawasawa, ukiwa mita 100 kutoka kwenye sanamu lenzi ya milimita 35 inaenea kwa shida. Chukua 28 upate nafasi. Nusu ya chini itakuwa sakafu ya uwanja: ikate, au ungoje mvua iilowanishe ibebe taswira ya taa. Ukiwa ng’ambo ya bonde, tuseme kilomita 3, hata milimita 400 huifanya sanamu ijaze robo tu ya kimo cha fremu ya mlalo. Ni nzuri hivyo, mji ukiwa chini yake. Huko shusha tripodi, maana upepo mdogo tu hutia ukungu kwenye picha.

Thimphu iko juu ya mita 2,300, na usiku wa Desemba na Januari huganda. Beba betri ya pili mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia chumba chenye joto, funga kamera ndani ya begi na uiache humo saa nzima, la sivyo lenzi itatoka jasho. Oktoba na Novemba anga huwa safi. Juni hadi Septemba mawingu hufunika kilima.

Flashi haifai kitu kwa umbali huo na huwasumbua wanaosali. Zunguka sanamu ikiwa mkono wako wa kulia. Ukumbi wa ndani haupigwi picha, na droni huhitaji kibali. Saa ya kufunga uwanja iulize langoni mchana ule ule. Ukikosa kuruhusiwa kubaki, piga ukiwa mjini.