Karatasi tano mezani: namna ya kujitayarisha kuwa komisyonere wa nyumba Lubumbashi

Mdogo wangu mmoja wa Katuba aliniandikia juma lililopita: "Yaya (yaani kaka mkubwa), na mimi nataka kuingia mu bukomisyonere. Iko mtihani?" Komisyonere ndilo jina tunalompa dalali wa nyumba na viwanja hapa Lubumbashi. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hii miaka minne bila kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kampemba: asubuhi chaki, jioni funguo za nyumba za watu. Nilijua njia zote za mitaa ya Bel-Air na Kigoma hapa mjini, nilijua mama gani hapendi wapangaji wenye watoto wengi na papa gani anapandisha bei akiona mteja ameshuka kwenye gari. Karatasi sikuzijua. Kwa hiyo jibu ninalompa ni refu kuliko alivyotaka.

Mtihani mimi nilifanyishwa, ila hakuniita mtu wa serikali. Alinifanyisha mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kadasta, ofisi ya kupima ardhi, jirani ya baba yangu mdogo pale Makomeno. Nilikwenda kwake kumwomba ushauri juu ya parseli moja, yaani kiwanja, naye akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Akapanga fotokopi tano mezani, majina yamefutwa kwa wino mweusi. "Mwalimu, chagua moja ambayo unaweza kumpelekea mteja leo bila kuuliza swali hata moja." Alinipa muda wa kumaliza chai.

Nikachagua ile yenye sura nzuri: sertifika ya konservateri, yaani hati ya ardhi inayotolewa na msajili wa hati, mhuri kamili, namba ya parseli, eneo lake, yote. Mzee akatikisa kichwa. Nikachagua nyingine. Akatikisa tena. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna hata moja. Nataka uzijue hizo karatasi tano kabla ya kitu kingine chochote, maana ndizo zitakazokujia mkononi, moja baada ya nyingine, maisha yako yote ya kazi.

Ya kwanza, ile niliyoichagua, ilikuwa sertifika halali kabisa ya baba aliyekwisha kufariki, na aliyeileta ni mtoto wake wa kwanza. Sertifika nzuri, muuzaji mbaya. Kwa sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wote wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, nao wanapata robo tatu ya urithi kwa mafungu sawa. Robo inayobaki inaenda kwa kundi la pili, ambamo mna mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mtoto wa kwanza hana nyumba peke yake, hata kama ndiye aliyezika baba, hata kama yeye ndiye anayelala ndani. Uliza: warithi ni wangapi, wako wapi, nani amewekwa kuwa likidateri (msimamizi) wa urithi, na karatasi inayosema hivyo iko wapi? Usiridhike na "bandugu yote beko d'accord", ndugu wote wamekubali. Waone hao ndugu.

Ya pili ilikuwa sertifika tena, ya mume aliye hai, mwenye afya, anayetaka kuuza haraka. Mke hajui. Sheria ileile inadai wote wawili wakubali nyumba au parseli inapouzwa au kuwekwa rehani, bila kujali walioana kwa mpango gani wa mali, na bila kujali jina la nani limeandikwa. Mimi siku hizi nikifika kwenye nyumba ninaomba maji ya kunywa. Mama akileta maji, ninamsalimia na kumwambia wazi nimekuja kufanya nini. Nimeokolewa na glasi ya maji mara mbili.

Ya tatu: mkataba wa kupanga kati ya mtu na Serikali, ule tunaouita "kontra ya lokasyo". Ilikuwa imepitwa na wakati. Mkataba huo ni wa muda wa kujitayarisha, miaka 3, ili mtu ajenge na kuiendeleza parseli ndipo apate haki iliyo imara zaidi. Anayekuonyesha kontra ya lokasyo hajakuonyesha umilikaji. Amekuonyesha mwanzo wa safari.

Ya nne ilikuwa fishi ya parseli, kadi ya kiwanja kutoka komini, yaani ofisi ya sehemu ya mji. Katika familia za zamani za komini zetu za Kenya, Katuba na Kamalondo utaona pia kile kijitabu cha enzi za Wabelgiji, livret de logeur, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama vile ubatizo wa mtoto. Usikidharau. Kinaonyesha nani alikaa wapi, na mara nyingi ndicho mlango wa kuombea sertifika. Lakini chenyewe si sertifika, na mteja wako lazima asikie hivyo kutoka kinywani mwako kabla hajahesabu dola.

Ya tano iliandikwa kwa mkono: "Mimi fulani nimemuuzia fulani parseli", mashahidi watatu, sahihi ya chefu. Karatasi za namna hii zimejaa pembeni mwa mji, upande wa komini Annexe, ambako mji unakula mashamba. Watu wamejenga na wanaishi juu ya karatasi hiyo. Inathibitisha kwamba pesa ilitoka mfuko mmoja ikaingia mwingine. Haithibitishi mbele ya Serikali kwamba ardhi imehama.

Sasa, kusoma. Mzee aliniambia nirudi baada ya juma sita, nami nikanunua daftari. Sheria ya kuanzia ni ile ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1980. Ni ndefu, na Kifaransa chake kigumu. Usijaribu kuimeza yote. Mimi nilianza na vifungu vitatu, nikavibandika ukutani jikoni mpaka mke wangu akavijua kabla yangu. Kifungu cha 53: ardhi ni mali ya Serikali, haiuzwi. Hapo ndipo wengi wanashtuka. Kumbe unachouza ni nini? Unauza jengo na haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake, yaani konsesyo. Kifungu cha 219: haki hiyo inathibitishwa kisheria na sertifika iliyotolewa na Serikali. Kifungu cha 227: sertifika ni ushahidi kamili, na miaka 2 ikipita, anayedai alionewa hawezi tena kuishambulia, anabaki kudai fidia. Ndiyo sababu ninaangalia tarehe kabla ya jina. Sertifika ambayo haijatimiza miaka hiyo miwili bado inaweza kushambuliwa. Iliyotoka miezi mitano iliyopita, juu ya parseli yenye maembe makubwa na familia iliyokaa miaka thelathini, hiyo naiacha mezani.

Baada ya hapo jifunze tofauti ya konsesyo mbili. Ya kudumu ni kwa Mkongomani mwenyewe, mtu wa mwili na damu. Kampuni na mgeni wanapata ya kawaida, ambayo haipiti miaka 25 ila inaweza kufanywa upya. Lubumbashi hii, pamoja na migodi na mpaka wa Kasumbalesa, utapata wateja wageni, na swali hili litakuja siku ya kwanza. Komisyonere akimwambia mgeni kwamba atakaa na sertifika ya kudumu, amekwisha kumdanganya, hata kama hakukusudia.

Kwa kupangisha, ambako ndiko utapata mkate wa kila siku, soma sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Ni fupi, isome yote. Garanti, yaani amana ya mpangaji, kwa nyumba ya kuishi haipiti kodi ya miezi 3. Najua, najua: mtaani bado utasikia watu wanaomba miezi sita, kumi. Wewe mwambie mwenye nyumba sheria inasema nini, mbele ya mpangaji, kwa heshima, mara moja. Nimepoteza nyumba mbili kwa kusema hivyo, nikapata wapangaji ambao mpaka leo wananitumia ndugu zao.

Jinsi ya kusoma: usisome kimya. Mwombe mtu wa nyumbani awe mteja. Mke wangu alikuwa mnunuzi mbaya sana, anauliza kila kitu. "Hii mhuri ni ya nani? Kwa nini hii namba si sawa na ile ya mlangoni?" Niliposhindwa nilikwenda kutafuta jibu, ndipo nikalala. Na uende kwenye ofisi ya hati za ardhi inayohusika na sehemu ile ya mji, usimame kwenye foleni hata kama huna dosye (faili), usikilize watu wanarudishwa kwa sababu gani. Juma moja la foleni lilinifundisha kuliko daftari.

Wakati unasoma, tayarisha karatasi zako mwenyewe. Hapa nilikosea, usinifuate. Sheria ya biashara ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo inafanya kazi kwetu tangu Septemba 2012, inamtaka mfanyabiashara aombe kuandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Mimi nilikwenda baada ya miaka minne. Beba kitambulisho, picha, hati ya makazi, cheti cha ndoa kama umeoa, na mkataba wa mahali unapofanyia kazi, hata kama ni chumba kimoja cha mbele kwa shangazi. Rekodi ya mahakama, ile kasye, ukiwa bado hujaipata unaweza kutia sahihi tamko la heshima kwamba hujazuiwa kufanya biashara, kisha unaileta ndani ya siku 75. Pitia kwenye gishe (dirisha) ya pamoja ya kufungua biashara, ambako namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi zinafuatana na RCCM. Uliza bei dirishani, omba risiti. Ukiona mtu anakusaidia nje ya mlango, mwambie asante.

Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika kazi. Niliandika "commissionnaire". Kijana wa dirishani akaniuliza: "Papa, uko commissionnaire ao courtier?" Nikaona ananitania. Hakuwa ananitania. Kwa sheria, komisyonere ni yule anayefunga mkataba kwa jina lake mwenyewe kwa niaba ya mwingine. Anayewakutanisha watu wawili tu, kisha wao wakatia sahihi, anaitwa kurtie. Sisi wote tunaotembea na funguo hapa mjini ni makurtie tunaojiita makomisyonere. Jina la mtaani libaki mtaani, lakini kwenye fomu andika kile unachofanya.

Tofauti hiyo ina faida mfukoni. Kurtie hatakiwi kuwa upande wa mmoja: lazima awaambie wote wawili anachojua juu ya biashara ile. Na komisyo inalipwa na yule aliyempa kazi. Muuzaji amekutuma, muuzaji anakulipa; mnunuzi amekutuma, mnunuzi anakulipa; wakipenda kugawana, wakubaliane wazi. Kwa hiyo kabla ya kuonyesha nyumba, andika karatasi ya nusu ukurasa: nani amekutuma, nyumba ipi, komisyo asilimia ngapi, mpaka lini. Sahihi mbili. Bila hiyo utaonyesha nyumba mtaa wa Golf mara tano, kisha mwenye nyumba na mteja watakutana wenyewe Jumapili baada ya misa, na wewe utasikia harufu ya rangi mpya.

Pesa ya garanti usiishike. Ipite kutoka mkono wa mpangaji mpaka wa mwenye nyumba, wewe ukiwa shahidi, na risiti iandikwe papo hapo. Siku ya kuingia, pita na wote wawili chumba kwa chumba, andika vioo vilivyopasuka, bomba linalovuja, bili za maji na umeme zilizobaki. Na kama unaweza, onyesha nyumba wakati wa mvua, Januari. Ukuta mkavu wa Agosti hausemi kitu.

Niliporudi kwa mzee baada ya juma sita, alitoa bahasha ileile. Safari hii sikuchagua. Nilianza kuuliza maswali, karatasi kwa karatasi, naye akaenda kuchemsha chai nyingine. Mdogo wangu, ukimaliza daftari, nipigie. Mzee bado yuko Makomeno, na nimemwambia habari zako. Twende Jumamosi baada ya saa tisa, maana mchana huwa analala.