Kuombea chama chenu namba ya EIN huku Marekani

Vyama vingi huikumbuka EIN, namba ya kukitambulisha chama kwa mamlaka ya kodi, siku benki inapoidai. Hapo mwenyekiti anafungua kompyuta usiku uleule aombe. Msikimbie. Namba yenyewe hutoka kwa dakika chache, ila kuiomba mapema mno kuna gharama yake.

Anzeni na jimbo. Sajilini chama kwenye ofisi ya jimbo mpate hati, ndipo mwende IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mkishaomba EIN, IRS huchukulia kwamba chama kimekwisha kuundwa kisheria, na wajibu wa kupeleka taarifa kila mwaka unaanza kuhesabiwa, hata kama hamjachanga senti. Miaka mitatu mfululizo ikipita bila taarifa, hadhi ya msamaha wa kodi inafutwa yenyewe.

Kisha chagueni mhusika mkuu: mtu mmoja mwenye kauli juu ya fedha na shughuli za chama. Mara nyingi ni mwenyekiti au mweka hazina. Kwa maombi ya mtandaoni lazima awe na namba ya Social Security au ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security. Asiwe shemeji ya katibu aliyeombwa tu kwa kuwa makaratasi yake yako sawa. Jina lake ndilo litakalobaki kwenye kumbukumbu za IRS.

Ingieni irs.gov. Hakuna ada hata kidogo. Tovuti inayowatoza ni ya dalali. Wekeni mezani hati ya jimbo, anwani na tarehe ya kuundwa kabla hamjaanza, maana ukurasa ukikaa dakika 15 bila kuguswa unajifunga, na hakuna kuhifadhi mlipofikia. Penye aina ya taasisi ndipo wengi hujikwaa: wanabonyeza kampuni kwa sababu iko juu. Fungueni orodha ya aina za ziada, mtafute taasisi zisizo za faida. Kanisa lina sehemu yake.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati, ila mfumo unakubali herufi, tarakimu, kistari na alama ya & tu. Kwetu Waswahili hapa pana kero: jina lenye ng', tuseme Tung'are, litaingia Tungare.

Mkimaliza, namba inatokea papo hapo: tarakimu tisa, kistari baada ya mbili za mwanzo. Pakueni barua ya CP 575, inayothibitisha namba, kabla ya kufunga ukurasa, kwani benki huitaka. Ikipotea, pigeni simu IRS muombe barua ya 147C. Asiyetaka mtandao hujaza Fomu SS-4: kwa faksi ni kama siku nne za kazi, kwa posta kama wiki nne.

EIN si msamaha wa kodi. Msamaha wa 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi kinachohusu taasisi za hisani, dini na elimu, huombwa kwa Fomu 1023, dola 600, au 1023-EZ kwa vyama vidogo, dola 275. Ombeni ndani ya miezi 27 tangu kuundwa ili uanzie siku ya kwanza. Taarifa ya mwaka kwa vyama vingi ambavyo mapato yao kwa kawaida hayazidi dola 50,000 ni 990-N, maswali machache tu mtandaoni. Anayefuata mwaka wa kalenda ana hadi Mei 15.

Uchaguzi ukimwondoa mhusika mkuu, tumeni Fomu 8822-B ndani ya siku 60. Namba hubaki ileile.