Kulipa Tozo za Barabara Kuu Italia Ukiwa na Gari la Kukodi

Barabara kuu za kulipia Italia, autostrada, zina vibao vya kijani. Vya bluu ni vya barabara za kawaida. Kwenye nyingi, unaingia kwa kuchukua tiketi: bonyeza kitufe kama haijatoka yenyewe, kisha kizuizi kitainuka. Iweke mahali utakapoiona. Ukiipoteza, utatozwa kana kwamba umetoka kituo cha mbali kabisa.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kutoka, kwenye kuchagua njia. Kibao cha njano kilichoandikwa Telepass ni cha wenye kifaa maalumu cha kulipia tozo ndani ya gari tu. Cha bluu chenye neno "Carte" ni cha kadi, na chenye picha ya mkono na sarafu kinapokea pesa taslimu. Usiyeijua mashine, fuata hiki cha mkono, na uanze kusogea mapema, maana magari nyuma hayana subira.

Umeingia njia isiyo yako? Usirudi nyuma hata kidogo: ni hatari, na adhabu yake ni kali. Bonyeza kitufe cha msaada. Kadi ikikataa, utapewa karatasi ya deni, nawe una siku 15 za kulipa bila nyongeza.

Jihadhari na barabara kuu ya A36 karibu na Milano. Haina vizuizi, kamera husoma namba ya gari, na ni juu yako kulipa mtandaoni ndani ya siku 15. Usipolipa, kampuni ya gari huweza kukukata deni pamoja na ada yake ya usumbufu.