Kuhoji PostGIS kwa Python bila kuichosha seva

PostGIS ni nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa data za kijiografia. Tuseme una jedwali la vituo vya afya lenye safuwima ya geom katika mfumo wa 4326, yaani longitudo na latitudo kwa digrii. Unataka vituo vilivyo ndani ya kilomita 5 kutoka nukta fulani ya Dar es Salaam. Usivute jedwali zima kwenye Python ukapime huko. Kazi hiyo ni ya hifadhidata.

Kwanza tengeneza faharasa (index, inayoharakisha utafutaji), mara moja tu; ::geography hufanya umbali upimwe kwa mita:

CREATE INDEX ON vituo USING gist ((geom::geography));
ANALYZE vituo;

Kisha skripti, kwa psycopg, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL:

import psycopg

sql = """
SELECT id, jina FROM vituo
WHERE ST_DWithin(geom::geography,
  ST_SetSRID(ST_MakePoint(%s, %s), 4326)::geography, %s)
"""
with psycopg.connect("dbname=afya") as conn:
    for kid, jina in conn.execute(sql, (39.28, -6.82, 5000)):
        print(kid, jina)

Longitudo hutangulia. Ukianza na -6.82, nukta yako inahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, na jibu ni tupu bila onyo lolote. Kosa jingine ni kuacha ::geography pande zote mbili: umbali unahesabiwa kwa digrii, na 5000 inarudisha kila kituo duniani. Hata 5 tu ni zaidi ya kilomita 500.

Wengi huandika ST_Distance(...) < 5000. Majibu ni yaleyale, lakini faharasa haiguswi, kila rekodi inapimwa. ST_DWithin huchuja kwanza kwa visanduku vya faharasa, kisha hupima vichache vilivyobaki. Faharasa nayo lazima ifanane na swali: iliyojengwa juu ya geom pekee haisaidii geom::geography. Hakikisha kwa EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha jinsi hifadhidata ilivyotekeleza swali. Ukiona Seq Scan (kusoma rekodi zote moja moja) kwenye jedwali kubwa, rudi kwenye faharasa. Kwenye jedwali la rekodi mia mbili usihangaike, kulisoma lote ni haraka zaidi.

Kinachochelewesha skripti nyingi kuliko hayo yote ni kitanzi cha Python kinachotuma swali moja kwa kila kijiji. Vijiji elfu kumi ni safari elfu kumi kwenda kwenye seva. Unganisha majedwali:

SELECT k.id, count(v.id)
FROM vijiji k LEFT JOIN vituo v
  ON ST_DWithin(k.geom::geography, v.geom::geography, 5000)
GROUP BY k.id;

LEFT JOIN ni ya makusudi: vijiji visivyo na kituo hubaki vikiwa na sifuri, na mara nyingi ndivyo unavyovitafuta.

Matokeo yakiwa mamilioni, tumia conn.cursor(name="mkondo"). Kasa (cursor, kinachokusomea matokeo ya swali) isiyo na jina hupakia yote kwenye kumbukumbu kabla ya kukupa rekodi ya kwanza. Yenye jina huyaleta kwa mafungu, na ukubwa wa fungu unauweka kwa itersize, mfano 2000.