Kupe Hafi? Soma Lebo Kabla ya Kubadilisha Dawa

Mfugaji wa Njoro au Molo akiona kupe hawafi, huongeza kipimo. Ikishindikana, hurudi agroveti akachukua chupa ya rangi nyingine. Mara nyingi amelipia dawa ile ile.

Kundi moja kubwa la dawa za kuogeshea lilitokana na kemia ya pareto, zao tunalolijua vizuri huku Nakuru, na dawa zote za kundi hilo hushambulia mahali pamoja: milango ya sodiamu kwenye seli za neva. Seli ya neva, iwe ya kupe au ya ng'ombe, huishi ikiwa na chaji. Pampu zilizo kwenye utando wake hutoa ayoni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu kila zinapoingiza 2 za potasiamu. Potasiamu kiasi huvuja ikatoka tena, na ndani hubaki hasi kuliko nje kwa milivolti 70 hivi. Ujumbe ukipita, milango hufunguka, sodiamu humiminika ndani, chaji hugeuka, milango hujifunga mara moja. Dawa huizuia isijifunge. Neva hufyatua ujumbe mfululizo, kupe hutetemeka, hupooza, hufa.

Sasa, wapo kupe wanaozaliwa na mlango wenye umbo tofauti kidogo, dawa haiushiki vizuri. Hao ndio wanaobaki kutaga mayai, na jike mmoja hutaga maelfu. Kupunja dawa ili chupa ifike mwezi ujao ni kuwalea tu.

Kwa hiyo usitazame jina la biashara, tafuta kiambato. Sipamethrini na deltamethrini, ambazo kwenye lebo huishia na "thrin", ni kundi moja. Kuhama kutoka hii hadi ile hakusaidii kitu. Amitrazi hugusa sehemu nyingine ya neva, kwa hiyo huo ndio mbadala wa kweli, ila usimpulizie punda, inaweza kumuua. Dawa za "thrin" nazo huua samaki, basi pampu isioshewe mtoni.

Pima kama lebo inavyosema, loanisha ng'ombe mzima: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye mapaja na kiwele. Zingatia siku za kutouza maziwa. Siku ya pili au ya tatu, pekua masikio. Ukikuta kupe waliojaa damu wangali wanachezesha miguu, weka wachache kwenye kichupa umpelekee afisa wa mifugo kabla hujanunua dawa nyingine.