Namna ya Kupima Kama Ufukwe wa Ziwa Victoria Unamfaa Mgeni Wako

Yeyote anayepokea wageni Mwanza, awe wakala wa safari, katibu wa kamati ya harusi au kijana aliyeombwa amtafutie mama mkwe mahali pa kupumzika, huulizwa swali lilelile: hoteli gani ya ziwani ni nzuri? Swali hilo halijibiki kabla hujajua anayekuja ni nani. Ufukwe unaomfurahisha mwanafunzi wa chuo aliyekuja kucheza mpira wa wavu na kusikiliza muziki hadi usiku wa manane humnyima usingizi mzee anayelala saa 3, na humtia hofu mama mwenye mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo, kabla hujaangalia picha wala bei, andika mambo manne kuhusu mgeni: umri wake na hali ya miguu yake, kama ataingia majini au la, saa zake za kulala na kuamka, na maradhi aliyonayo yanayoweza kumlazimu kumwona daktari ghafla. Ukishayajua hayo, nenda ukapakague mahali penyewe kwa miguu yako, kwa sababu picha za Mwanza huonyesha mawe, maji na machweo, wala sijaona hata moja inayoonyesha ngazi.

Katika vituo vya kuteleza kwenye theluji kule Ulaya, njia za mlimani huwekewa alama za rangi: buluu kwa njia nyepesi, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mahodari. Mgeni husoma kibao na kujua aende wapi. Kwenye fukwe zetu hakuna kibao cha namna hiyo, na kazi ya kupanga madaraja hayo imebaki mikononi mwa mwenyeji.

Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni maji yenyewe. Ziwa Victoria lina kichocho, na mwambao wa Mwanza ni miongoni mwa maeneo ambako ugonjwa huu umejikita. Minyoo yake hupitia hatua moja ya maisha ndani ya konokono wa majini, kisha vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu, mara nyingi bila yeye kuhisi kitu. Konokono hao hupendelea maji yaliyotulia, yenye kina kifupi na majani: ghuba zilizojificha, kando ya matete, chini ya magugu maji, na mahali ambapo watu huoga na kufulia. Ufukwe wa mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi mchana kutwa, una hatari ndogo kuliko ghuba tulivu yenye majani, lakini hakuna mtu mwaminifu atakayekuambia kwamba hatari hiyo haipo kabisa.

Ukaguzi wake unaweza kuufanya mwenyewe. Fika ukingoni asubuhi, chuchumaa bila kuingiza miguu majini, vuta kwa kijiti shina moja la tete au jani lililolala chini ya maji, kisha uligeuze taratibu. Ukiona konokono wadogo bapa, wenye upana wa sentimita moja hivi, wamegandamana na upande wa chini wa jani, hapo si mahali pa kumwogesha mtoto wa mtu. Usipowaona hujathibitisha lolote, kwa kuwa vijidudu vinaweza kuletwa na maji kutoka sehemu ya jirani. Ndiyo maana kwa familia yenye watoto wanaopenda maji ninashauri mahali penye bwawa la kuogelea linalotunzwa, ziwa likabaki la kutazamwa, kuvukwa na kuvuliwa samaki.

Usiishie ufukweni, uliza pia maji ya bafuni yanatoka wapi. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ni jambo moja, na maji yanayovutwa kwa pampu moja kwa moja kutoka ziwani hadi kwenye bomba la kuogea ni jambo jingine. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu wa kumwingia hufa ndani ya siku mbili, hivyo maji ya ziwa yaliyokaa siku mbili kamili kwenye tangi lililofunikwa, lisilo na konokono wala maji mapya yanayoingia, hayana tena hatari hiyo kwa mwogaji. Kama mgeni wako ameshaogelea ziwani, mwambie asikimbilie kupima kesho yake, kwa sababu minyoo michanga haionekani kwenye vipimo na dawa ya prazikwanteli haiiui vizuri. Apime baada ya miezi miwili hivi, na akienda kwa daktari wa kwao ataje waziwazi kwamba aliingia Ziwa Victoria, maana daktari wa mbali huenda asilifikirie.

Kuhusu mamba na viboko, waulize wavuvi wanaopaki mitumbwi jirani na pale, kwa kuwa mhudumu wa mapokezi ana biashara ya kulinda. Waulize pia kina kinaanzia wapi. Palipo na mawe makubwa, kina hubadilika ghafla, na mtu asiyejua kuogelea anaweza kukanyaga mwamba kwa hatua moja na kukosa pa kukanyaga kwa hatua inayofuata. Uliza kama kuna mwokoaji, yuko zamu saa ngapi, na umwone kwa macho yako.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana, yakameza bustani, vibanda na sehemu za fukwe ambazo watu walizizoea. Angalia mistari ya maji kwenye kuta za majengo ya chini na mizizi ya miti iliyobaki wazi. Hapo utajua kama ufukwe unaoonyeshwa kwenye tangazo bado upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ninaamini mwenyeji anayejali angependelea mahali palipoheshimu umbali huo. Vyumba vya namna hiyo haviingiliwi na maji kirahisi, na usiku mbu wa kwenye matete hawako karibu sana na mlango.

Baada ya maji, pima njia. Mwanza ni mji wa mawe, na nyumba nyingi za wageni zenye mandhari bora, kuanzia Capri Point hadi Isamilo na Bwiru, ziko kwenye miteremko. Tembea kutoka kwenye maegesho hadi chumbani, kutoka chumbani hadi mezani, na kutoka mezani hadi majini, ukihesabu ngazi na kutafuta mkono wa kushikilia. Ngazi zilizochongwa kwenye mwamba hazilingani: moja inafika magotini, inayofuata ni fupi, na mvua ikinyesha zote huteleza. Mzee mwenye maumivu ya magoti atapanda mara moja kwa heshima yako, kisha atakaa chumbani siku zote zilizobaki bila kulalamika. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, usikubali kauli kwamba vijana watambeba. Tafuta mahali penye ardhi tambarare, na mara nyingi utapapata kwenye fukwe za upande wa Ilemela kuliko milimani.

Usiku nao unahitaji ukaguzi wake. Rudi saa 2 usiku, siku ya Jumamosi ikiwezekana, kwa sababu hoteli iliyo kimya Jumanne inaweza kuwa na ukumbi wa sherehe wenye spika hadi saa 8 za usiku. Uliza jenereta iko upande gani wa vyumba. Kagua vyandarua kwa kuvitandaza, si kwa kuvitazama vikiwa vimefungwa fundo. Ukanda wa ziwa una malaria, na tundu moja linatosha. Kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kutoka majini kwa makundi na kuonekana kwa mbali kama moshi uliosimama. Hawaumi, lakini upepo ukiwaleta nchi kavu hujaa kwenye kila taa, na asubuhi hufagiliwa kwa ufagio kutoka barazani. Mgeni mwenye pumu au mzio apewe chumba chenye wavu mzima madirishani, na taa ya nje izimwe.

Umbali wa hospitali haupimwi kwa kilomita peke yake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando iko mjini, na Hospitali ya Sekou Toure pia, lakini aliyelala kisiwani anategemea chombo, mafuta na hali ya ziwa kabla hajaifikiria barabara. Kwa mjamzito anayekaribia kujifungua, mgonjwa wa moyo au mwenye selimundu, mimi nisingechagua kisiwa hata akikitaka sana.

Ukishapima hayo, ulinganishe mgeni na mahali. Mwenye nusu siku, aliyekuja kwa mkutano na anayetaka kuona wanyama bila kukodi gari, anafaa kupelekwa kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka Capri Point hufika kwa muda mfupi. Ina swala, pimbi na mawe ya kupanda. Hata hivyo, anayetarajia ukubwa wa Serengeti atasikitika, kwa hiyo aambiwe mapema. Anayekwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka asilazwe Luchelele wala Nyegezi kwa ajili ya mandhari tu. Alale upande wa mji unaotokea barabara ya Musoma, ili asipoteze alfajiri kwenye foleni. Wazee wanaopenda historia na ngoma kuliko maji watafurahia siku moja Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kisha warudi mjini kwa sato wa kuchemsha na ugali.

Rubondo ni ya mgeni mwingine kabisa. Kisiwa hicho, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kina misitu, nzohe (swala wa kwenye maji na matete), ndege wengi na sokwe waliotokana na wale walioachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe hao huonekana kwa kutembea na kusubiri, na kuna siku hawaonekani. Kinamfaa mtu mvumilivu, mwenye miguu mizima na asiyehitaji duka wala mtandao wa uhakika, na majini kuna mamba na viboko, hivyo si kisiwa cha kuogelea. Safari ya kwenda upande wa Geita na Chato, kiliko kisiwa hicho, imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lilipofunguliwa Juni 2025, maana zamani foleni ya kivuko peke yake iliweza kula asubuhi nzima.

Kisiwa cha Ukerewe ninakipenda kwa wageni wanaotaka kuona maisha kuliko huduma. Mtu atafika Nansio kwa meli kutoka Mwanza, safari ya saa tatu au zaidi, au atazunguka kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko. Atapata mashamba, baiskeli, samaki wabichi na watu wenye muda wa kuzungumza. Anayehesabu nyota za hoteli asipelekwe.

Kwa safari yoyote ya majini, kipimo ni chombo na idadi ya watu, na hapa sina nafasi ya kulegeza. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika misiba yote miwili chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Mgeni wako avae jaketi okozi kabla boti haijaondoka, mtoto apate la saizi yake, na ukiona nahodha anaendelea kupakia baada ya viti kujaa, mshushe mgeni hata kama nauli imeshalipwa. Dhoruba za ziwa hili hujijenga sana usiku na kumalizikia alfajiri, kwa kuwa upepo wa nchi kavu huelekea majini wakati huo, hivyo boti ndogo isiondoke kabla mtu hajalitazama anga kukiwa na mwanga.

Msimu hauhitaji maneno mengi. Juni hadi Agosti ni ukavu na njia hazitelezi. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, tarajia mvua, na kwa mzee kwenye ngazi za mawe tofauti hiyo ni kubwa.

Mwisho wa ukaguzi, mwandikie mgeni ulichokiona pamoja na kasoro zake, kabla hajalipa. Ujumbe hauhitaji kuwa mrefu: “Shikamoo mama. Mahali nilipokutafutia ni Capri Point, pametulia na chakula ni kizuri. Kutoka kwenye gari hadi chumbani kuna ngazi ishirini na mbili, na mkono wa kushikilia uko upande mmoja tu. Majini hatutaingia kwa sababu ya kichocho, lakini baraza linatazama ziwa. Kuna pengine Ilemela ambako ni tambarare, ila Jumamosi huwa na muziki. Ungependelea wapi?” Mpe siku mbili za kujibu, na chumba ukishike kwa maneno tu mpaka ajibu.